Wakipunguza Bajeti ya Maktaba, Wasianze na Saa za Jioni

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na kwa sisi wanakamati wa maktaba ndogo ya shehia, huku kaskazini ya Pemba, tarehe hiyo mwaka huu imekuja na habari nzito. Mfadhili aliyekuwa akilipa posho ya mkutubi pamoja na umeme ametuarifu kwamba mchango wake utapungua sana, na halmashauri nayo haina fungu la kuziba pengo hilo. Katika kamati yetu limetolewa pendekezo kwamba maktaba iwe inafungwa saa nane mchana ili kuokoa fedha. Ninaandika kulipinga pendekezo hilo, na ningependa wazazi na viongozi wa shehia wayasome haya kabla hatujapitisha uamuzi.

Anayetazama maktaba kwa hesabu za karatasi huona vitabu, makabati na jengo, akadhani kwamba vikiwapo hivyo maktaba ipo. Lakini zipo skuli za Zanzibar ambazo bado zina mikondo miwili kwa uhaba wa madarasa, ingawa majengo ya ghorofa yanayojengwa yamekusudiwa kuuondoa utaratibu huo. Mtoto wa mkondo wa asubuhi hutoka skuli adhuhuri, hufika nyumbani akala, kisha huenda chuoni kusoma Kurani. Akitoka chuoni ni baada ya la'asiri, na hapo ndipo anapopata saa ya kwanza ya kusoma anachokitaka yeye. Wa mkondo wa mchana ndio kwanza anarudi. Watahiniwa wa Kidato cha Nne huja zaidi baada ya sala ya isha, kwa sababu nyumbani chumba ni kimoja na wadogo zao wanataka kulala, au tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, imekwisha na haitaongezwa mpaka mwisho wa wiki. Maktaba ikifungwa saa nane mchana itakuwa wazi katika saa ambazo takriban hakuna mtoto anayeweza kufika, na itafungwa pale tu wanapoanza kuweza. Hiyo si maktaba tena, ni ghala ya vitabu yenye mlinzi.

Yupo aliyesema kwamba wanaotaka kusoma wataifuata maktaba ya mjini Chake Chake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 katika kisiwa cha Pemba, kwenye wilaya nne, na wengi wao wako mashamba. Mtoto wa Konde anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na safari yenyewe inamlia sehemu kubwa ya siku. Wa kisiwa cha Kojani huvuka kwa chombo kwanza ndipo atafute gari. Mzazi anayeuza samaki wa siku moja kwa siku moja hawezi kutoa nauli hiyo kila wiki, na sijui ni kwa haki gani tungemlaumu.

Mzigo wa masomo wenyewe nao umekuwa mkubwa zaidi. Sera ya Elimu Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano, na mtoto wa shamba, ambaye nyumbani hasikii lugha hiyo hata kidogo, hutarajiwa kuzielewa sehemu za ua na mzunguko wa maji kwa maneno asiyoyajua. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa tarehe 23 Septemba 1964, na ni jambo la kujivunia, lakini kitabu cha rejea na kamusi havikuja pamoja na tangazo hilo. Mwenye uwezo humnunulia mwanawe na kumlipia twisheni. Asiye na uwezo ana ukumbi wetu, meza zake, na mkutubi anayejua kamusi ipi ni nyepesi kwa mwanafunzi wa darasa la tano na ipi itamkatisha tamaa.

Huyo mkutubi ndiye ninayemhofia zaidi, kwa kuwa posho yake ndiyo iliyotajwa mwanzo. Inasemwa kwamba vijana wa kujitolea watashika nafasi yake. Nawaheshimu vijana wetu, lakini karafuu zikiiva kila mwenye mikono huenda kuchuma, na jioni huketi barazani kuchambua, kwa sababu ndizo fedha za nguo, za madeni na za kuezekea nyumba. Hakuna wa kumlaumu kijana anayeacha kazi ya bure akafuata malipo ya papo kwa papo. Uingereza, ambako tangu mwaka 2010 mamia ya maktaba zimefungwa au kukabidhiwa watu wa kujitolea kwa sababu ya kupunguzwa kwa fedha za halmashauri, suala la nani atafungua mlango na kwa muda gani limekuwa gumu hata kwa watu wenye pensheni na nafasi. Kwetu litakuwa gumu zaidi.

Kuhusu wazo la kutoza ada ya kuingilia maktaba, sitasema mengi. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, la mwaka 1994 na pia lile la 2022, linasema kwamba huduma hizo kimsingi ziwe bila malipo, na kwamba mamlaka za nchi na za mitaa ndizo zinazobeba wajibu wa kuzigharamia. Ada hata ikiwa ndogo itamzuia yule yule ambaye ukumbi ulifunguliwa kwa ajili yake.

Linaloniuma ni namna tulivyohesabiwa. Waliokuja kutathmini matumizi ya maktaba walichukua daftari la kuazima vitabu, na wakalichukua katikati ya msimu wa karafuu. Wengi wa wasomaji wetu hawaazimi. Husoma mezani na kuondoka, kwa kuhofia kitabu kulowa au kuchanwa na wadogo zao. Hawamo daftarini. Hayumo baba aliyekuja kusomewa barua ya ardhi, wala msichana aliyejazia hapa maombi yake ya mkopo wa chuo kikuu kwa kompyuta yetu moja, kwa kuwa siku hizi maombi hayo hupitia intaneti. Tangu wiki iliyopita tumeweka daftari la pili mlangoni, na kila anayeingia anaandika jina na saa aliyoingia.

Fedha zimepungua kweli, na lazima kitu kipunguzwe. Rai yangu ni kwamba tufunge asubuhi zote za siku za skuli, na tufungue kuanzia la'asiri hadi saa tatu usiku, kwa mapumziko mafupi ya magharibi. Jumamosi na Jumapili tufungue mapema. Posho ya mkutubi ihamie katika saa hizo. Tusitishe ununuzi wa magazeti kwa mwaka huu, ijapokuwa wazee watasikitika, na nitakwenda mwenyewe kuzungumza nao. Maboksi ya vitabu vya msaada tuyapokee pale tu tunapoulizwa kwanza tunahitaji nini, kwa sababu kitabu kinachotolewa bure bado kina gharama ya kusafirishwa kutoka bandarini na kutafutiwa kabati, na vingine havihusiani kabisa na mitaala yetu. Umeme wa ukumbi tuuombee mchango wa wazazi mara moja kwa mwaka, wakati wa mauzo ya karafuu, kwa kiasi ambacho kila nyumba itajipangia yenyewe bila kutajiwa.

Kamati inakutana Jumamosi hii baada ya sala ya la'asiri, katika ukumbi huo huo. Nimemwomba sheha ahudhurie, na nimewaomba wanafunzi wawili wa Kidato cha Nne waje na daftari la mlangoni walisome mbele ya wajumbe, jina kwa jina na saa kwa saa, kabla ya kura kupigwa.