Siku moja na mto wetu wa kilowati 40

Saa 10:40 alfajiri simu iliita. Ukipigiwa saa hizo katika kazi hii, si harusi. "Mkuu, tangi limeshuka. Majani." Fundi wa zamu alisema hayo tu, akakata.

Julai huku Njombe ni kipupwe. Nilivaa makoti mawili na gambuti, nikachukua tochi na reke, nikateremka bondeni. Mimi ni mratibu wa mradi wa umeme wa maji wa kijiji chetu. Kwenye karatasi cheo changu ni kizuri. Kwa vitendo ni karani, mpatanishi, na mwenye zamu ya pili ya kuokota majani.

Mto tumeukinga kwa banio dogo. Maji yanafuata mfereji hadi kwenye tangi, na hapo yanaingia bomba kuu linaloshuka mita 60 mpaka nyumba ya mashine. Mbele ya bomba kuna chujio la nondo. Majani ya miwati na mikaratusi yakililala, maji yanapita pembeni, tangi linakauka na bomba linaanza kumeza hewa. Ukiwa pale unasikia: mlio mzito unageuka kikohozi. Tulikokota majani kama dakika 40, vidole vikafa ganzi kabisa.

Saa 1 asubuhi nilikuwa nyumba ya mashine. Daftari la zamu lilisema volti 226, hezi 50.2 (mapigo ya umeme kwa sekunde; yanatakiwa 50, mzigo ukizidi yanashuka), mzigo kilowati 9. Nilipapasa beringi kwa kiganja: vuguvugu, siyo moto. Ndiyo salamu yangu ya kila siku kwa turbini.

Kuna kitu pale wageni huwa hawakielewi. Turbini inazungushwa na maji yaleyale, watu wakiwasha wasiwashe. Umeme usiotumika lazima uende mahali, la sivyo mashine itakimbia mpaka iharibike. Kwa hiyo kontrola inausukuma kwenye hita zilizozamishwa ndani ya pipa la maji. Asubuhi ile pipa lilikuwa linafoka mvuke. Fundi alichota ndoo akaoga maji ya moto, akavaa, akaenda kulala. Ni marupurupu yake, hakuna anayemwonea kijicho.

Saa 3 nilikaa na vitabu. Mwezi wa sita tuliuza uniti 3,000 kwa ujumla: nyumba 180, mashine ya kusaga, maduka, shule na zahanati. Kwa shilingi 250 ni 750,000. Mishahara ya watu watatu 450,000, grisi na matengenezo 90,000, akiba ya vipuri benki 150,000. Zikabaki 60,000 za dharura. Kwa mradi wa kijiji, mwezi huo ni mzuri.

Ila namba inayoninyima usingizi haimo kwenye kitabu cha fedha. Hata kiangazi, maji yakipungua tukabaki na kilowati 30, mtambo unaweza kutoa zaidi ya uniti 21,000 kwa mwezi. Tunauza 3,000. Zilizobaki zinachemsha pipa. Na bado kila mkutano nasikia kwamba umeme hautoshi! Wote wanaosema hivyo wanasema kweli, kwa sababu wote wanautaka kati ya saa 1 na saa 4 usiku.

Saa 5 nilipanda pikipiki kwenda kijiji jirani. Nao wanataka mtambo wao kwenye kijito chao. Mwenyekiti alinipokea kwa "kamwene" na vijana sita wenye mapanga ya kufyekea njia. Hatukuwa na kifaa cha maana zaidi ya futi kamba, saa ya simu na machungwa matatu. Tulipima mita 10 za mto ulionyooka, tukadondosha chungwa, tukahesabu. Sekunde 20. Tukarudia: 19, kisha 21. Chungwa linaelea juu ambako maji yana kasi, kwa hiyo nikapunguza ile nusu mita kwa sekunde ikawa 0.4. Upana mita 1.2, kina cha wastani sentimita 25. Lita 120 kwa sekunde.

Vijana wakashangilia. Nikawaomba wasubiri. Chini ya hapo kuna vinyungu, bustani za bondeni. Kina mama wanamwagilia mboga na mahindi ya kiangazi, na mto wenyewe lazima ubaki mto. Tukachukua lita 80. Maporomoko yana mita 30. Ukiondoa kinachopotea njiani na ndani ya mashine, inabaki kama kilowati 15. Na huu ni Julai. Njooni Oktoba, nikawaambia, mvua zikiwa hazijaanza, tulete machungwa mengine. Sisi tulipimiwa mto wetu mwezi wa Aprili umejaa pomoni, ndiyo maana tuna mtambo wa kilowati 40 ambao kila Novemba unatoa 30.

Mzee mmoja aliuliza pesa zitatoka wapi. Nilimsimulia ya kwetu. Turbini na jenereta zilikuja kwa ruzuku. Mfereji tuliuchimba kwa msaragambo, kila kaya na mita zake. Nguzo zilitoka msitu wa kijiji. Kibali cha kutumia maji kilitoka bodi ya bonde, na kilichukua muda mrefu kuliko mfereji. Pengo lililobaki tulikwenda kulikopa benki, tukaulizwa dhamana. Tukataja mfereji. Afisa mikopo alicheka, akasema mfereji haupigwi mnada. Mwishowe kila aliyetaka kuunganishwa alilipa kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya kuuza parachichi. Mzee alitikisa kichwa. Sijui ilikuwa ndiyo au hapana.

Nilirudi saa 9, njaa inauma, nikapitia kwa mama wa mashine ya kusaga. Mota yake ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida, kwa hiyo tulikubaliana isiwashwe baada ya saa 11 jioni. Anasema wateja wanatoka shamba saa 12. Nilimpa pendekezo nililolibeba wiki nzima: uniti moja ya mchana shilingi 150, ya jioni 250, naye awapunguzie wanaosaga kabla ya saa 8. Akanitazama. "Wewe mwanangu unajua mahindi yanafikaje hapa? Kichwani, baada ya kulima." Lakini akaniambia nimwandikie kwenye karatasi. Kwangu huo ni ushindi.

Saa 10 kamati. Hoja ile ile: wenzetu wa barabarani wana umeme wa TANESCO, shirika la taifa, mtumiaji mdogo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, sisi kwa nini 250 na maji ni ya Mungu?  Bei tunaipanga wenyewe na kutukanwa wenyewe. Nilieleza beringi, mishahara, akiba. Walisikiliza kwa adabu, hawakuridhika. Nawaelewa. Bei ya mchana tumeiweka mkutano mkuu ujao.

Saa 1:50 usiku taa zilififia, zikarudi, zikafifia. Fundi alipiga: hezi 47, kuna mtu ana koili. Marufuku ya koili za kuchemshia maji tuliipigia kura wote. Tulizima laini moja moja kwa sekunde chache. Ya chini ilipozimwa, mzigo ulishuka ghafla. Nyumba 11.

Nilizipita moja moja nikibisha hodi. Kila mtu alikuwa anashangaa nani anaweza kufanya jambo kama hilo. Nyumba ya nane bibi alinikaribisha kiti, akanimiminia chai, akaniuliza habari za watoto. Nyuma ya mlango kulikuwa na ndoo imefunikwa kwa kanga, na kanga ilikuwa inatoa mvuke.

Nilikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi. Nilipofika nje, ujumbe wa fundi uliingia: hezi 50.