Mtori wa saa nane mchana

Juzi jioni nilikuwa jikoni namenya mshare, ndizi za mtori, nyama ya mfupa ikichemka pembeni, binti yangu mkubwa akaingia na karatasi. Ni ya vijana wa kanisani: mfungo wa siku tatu wa kufungua mwaka, na chini pana mstari wa sahihi ya mzazi. Alikuwa ameshajaza jina na namba ya simu. Penye aina ya mfungo alikuwa ametia alama ya vema kwenye neno "kavu".

"Mama, nisainie. Kesho tunarudisha."

Kavu, kwa wasiojua, ni bila chakula na bila hata tone la maji.

Nilimwonyesha mikono. Ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi, nikamwambia nitaichafua karatasi yake. Ilikuwa kweli, ila haikuwa sababu. Akaiweka juu ya friji akaenda zake kuoga. Nikabaki na kisu mkononi, harufu ya ule mchuzi ikinipanda puani, na sikuwa tena kwenye jiko hili. Nilikuwa Pasua, mjini Moshi, kwenye kile chumba chetu cha mwisho uani, na huyu binti anayetaka sahihi alikuwa na miezi minne.

Mliokuwa nasi miaka ile mnakumbuka hali ilivyokuwa. Ni Januari 2009. Baba yao alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na alikuwa ameumia goti wakishuka na wageni kutoka Barafu kwenda Mweka. Mpagazi haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, lakini waulizeni wagumu, yaani wapagazi wenyewe, kama mzigo wa getini na mzigo wa njiani huwa ni ule ule. Alifika chini akichechemea, wakamlipa siku zake, kampuni haikumpigia tena. Kodi tulikuwa tunadaiwa miezi miwili. Usiku namsikia anageuka kitandani akitafuta namna ya kuulaza ule mguu, na mimi nageuka upande wa pili nikimwambia Mungu, fanya kitu.

Nilikuwa nasali na kikundi cha maombi pale mjini. Likatangazwa la siku tatu kavu, Alhamisi hadi Jumamosi saa kumi na mbili jioni, mfungo wa Esta. Mtumishi akasoma Yoeli sura ya 2, pale saumu inapotakaswa na watu wote wanaitwa, wazee, watoto, "na hao wanyonyao maziwa". Akasema mnasikia? Hakuna aliyeachwa nje. Nikaitikia amina kwa sauti, mtoto akiwa kifuani kwangu ananyonya.

Sitaki kumtupia mtumishi lawama zote. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Niliona nikisema "nanyonyesha" itakuwa kama ninatafuta mlango wa kutokea. Nilikuwa na miaka 23, na nilikuwa nimefundishwa tangu kipaimara kwamba mwili ni wa kushindana nao. Ukisema njaa, ukatalie. Ukisema kiu, ukatalie. Nilidhani nikiukatalia kwa siku tatu, roho itapata nafasi ya kupaza sauti.

Alhamisi ilipita vizuri, hata nilikuwa na furaha. Ijumaa nilifua nepi uani. Januari ya Moshi mnaijua, jua linachoma mpaka mabati yanalia, na mvua ni habari ya Machi. Nimechutama mbele ya beseni, mikono yote imo kwenye maji, matone yakinirukia mdomoni nayafuta kwa kiwiko haraka kabla ulimi haujayafikia. Nilikuwa makini hivyo. Baba yao alinikuta hapo akaniambia, "Kunywa hata maji basi." Nikamwambia asinijaribu.

Usiku wa Ijumaa mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akashika tena, akaachia. Nikambadilisha upande. Vile vile. Nikasema ni pepo wa kuzuia maombi, nikamwombea.

Jumamosi nepi niliyomfunga alfajiri ilikuwa bado kavu saa sita. Niliishika, nikaiona ni kavu, na nikafurahi kwamba kuna nguo moja sitaifua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine yote. Nilikuwa nimeishika alama mkononi na sikuisoma.

Mama mkwe alifika kama saa sita na nusu, bila taarifa. Alikuwa ameshuka kutoka Old Moshi na kapu lake: chane mbili za mshare, nyama imefungwa kwenye gazeti, chupa ya maziwa, siagi kidogo kwenye kibakuli chake cha plastiki chenye mfuniko. Kule kwao mzazi hulishwa mtori, hata miezi mitatu, hashiki jembe wala hachoti maji, na yeye tangu tuhamie mjini alikuwa hakubali kwamba miezi mitatu yangu ilikwisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akanitazama mdomo. Midomo yangu ilikuwa imepasuka. Hakusema neno. Akamchukua mtoto.

Nataka niieleze taratibu hii, kwa sababu ndiyo ninayoiona kila nikisikia harufu ya mtori. Alikaa kwenye kile kigoda cha mlangoni, akamlaza mtoto mapajani, akamvua kofia. Akaweka kidole cha shahada juu ya utosi. Kilizama. Utosi ulikuwa umebonyea kama sahani ndogo. Akakiacha kidole pale, hakukibonyeza, alikiacha tu, kama mtu anayesikiliza mlango. Mtoto alikuwa analia na mashavu yake ni makavu, hakuna chozi. Mama akaibana ngozi ya tumbo kidogo kwa vidole viwili, akaiachia, akaitazama inavyorudi polepole. Kisha akanitazama mimi.

"Umekula lini?"

"Jumatano jioni."

"Na maji?"

Sikujibu.

Nilitegemea anifokee. Ningeweza kujitetea kama angenifokea, nilikuwa na mistari yote kichwani. Alisimama, akampa mtoto baba yake, akachota maji kwenye mtungi, akanishika kisogo kwa mkono mmoja kama unavyomshika mgonjwa, kikombe akakileta mdomoni.

"Mama, siwezi. Nimemwahidi Mungu mpaka saa kumi na mbili."

Akakishusha kikombe. Alikuwa mwanamke wa kanisa tangu utotoni, mama wa kwaya, hakuwa mtu wa kuchezea nadhiri. Akafikiri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama tunapatana bei:

"Basi hayo masaa yaliyobaki nipe mimi. Mimi sinyonyeshi mtu."

Nikamwambia haiwezekani.

"Inawezekana. Nimetoka nyumbani na chai tu. Kuanzia sasa nimefunga mimi, wewe umefungua. Eliya alipolala chini ya ule mti akitaka kufa, malaika alimwambia omba? Alimwambia inuka, ule. Na alirudia mara ya pili. Kunywa."

Nikanywa. Maji yale yalikuwa ya uvuguvugu, yana ladha ya mtungi, na nilipomeza nilisikia koo likiuma. Nikalia, na mimi pia machozi hayakutoka mengi.

Akanipa tena. Kidogo kidogo, akinizuia nisipige mafunda. Huku amewasha mkaa. Akamenya ndizi zote peke yake, vidole vikawa vyeusi, akakatalia msaada wa mtu. Nyama ilipoiva akatia ndizi, zikalainika, akazigeuzia mwiko, akaponda akizungusha, akatia maziwa, mwisho siagi. Harufu ikajaa chumba chote. Ni harufu ambayo mtu mwenye njaa hawezi kuivumilia, na yeye alikuwa ameinamia sufuria, mvuke unampiga usoni. Hakuonja. Mpishi wa Kichagga asiyeonja chumvi ya mtori wake! Alinipa mimi kijiko cha kwanza, akauliza, "Chumvi imekaa?"

Ilikuwa haijakaa. Nikasema imekaa.

Saa nane nilikuwa nimemaliza bakuli la pili. Mama alikuwa mbele yangu, mikono mapajani, ananitazama ninavyomeza. Nilipoweka kijiko akasema "Aika Ruwa," asante Mungu kwa Kichagga, kisha akanivika khanga begani, akasema haya, twende hospitali, maji ya mama hayafiki kwa mtoto kwa dakika moja.

Huko nitapita haraka. Walimpima uzito, kadi ya kliniki ikaonyesha mstari umeshuka badala ya kupanda, wakampa maji kwa kijiko na kumwangalia mpaka jioni. Muuguzi, mama mtu mzima, aliniambia maziwa ya mama sehemu kubwa kabisa ni maji, na mtoto wa miezi minne hana mahali pengine pa kuyapata. Alisema, "Ukijifunga wewe, umemfunga na yeye. Yeye alikubali lini?" Kabla ya saa kumi na moja mtoto alikojoa. Tulishangilia pale kwenye benchi kama watu waliopata kiwanja.

Nilirudi kwenye Yoeli baadaye, nikasoma polepole. Imesema wakusanywe hao wanyonyao maziwa. Haikusema wanyimwe. Miaka mingi mbele, katika somo la Biblia la akina mama, mchungaji mmoja akatueleza kitu kilichonifanya nifunge daftari nitazame dirishani. Biblia yetu inasema "matendo ya mwili" kwa Wagalatia, na inasema "mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu" kwa Wakorintho, na sisi tunasikia mwili na mwili. Lakini Paulo aliandika maneno mawili ya Kiyunani. La kwanza ni sarx, ile tabia ya mtu inayompinga Mungu. La pili ni soma, mwili huu wenye utosi na maziwa na goti. Nilikuwa nimekwenda kupigana na lile la kwanza nikalipiga la pili. Na alipotaja lile la pili ndipo aliposema mlinunuliwa kwa thamani, "Sasa basi, mtukuzeni Mungu katika miili yenu." Hakusema mtukuzeni ingawa mna miili.

Hata hivyo siwezi kuwaambia kwamba kufunga ni makosa. Bado nafunga. Nakunywa maji, lakini nafunga, na kuna mambo nimeyaona nikiwa katika kufunga ambayo sikuyaona nikiwa nimeshiba. Na baba yao alipata kazi Aprili ile ile, ya kulinda ghala, ya kukaa, goti likapumzika. Je, ni zile siku mbili na nusu zangu? Ni yale masaa ya Mama? Au ni jirani tu aliyemkumbuka? Nimemuuliza Mungu. Sijajibiwa, na nimeacha kuuliza.

Juzi hiyo hiyo usiku nilimkalisha binti nikamsimulia yote. Alikuwa hajui. Miaka 17 nimemficha kwamba nilimkausha mwenyewe, kwa jina la Bwana, nikiimba. Alisikiliza huku anachezea mfuniko wa chupa ya maji. Nilisubiri anikasirikie. Akanyoosha mkono, akajishika utosini, akajipapasa pale katikati ya rasta zake, pagumu sasa, hapabonyei.

"Kwa hiyo husaini?"

"Ukinywa maji nasaini."

"Wenzangu wote wameandika kavu, Mama."

Sikuwa na jibu la hilo. Nilikuwa na miaka 23, na sababu yangu pia ilikuwa hiyo.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na Bibi siku ile alikula saa ngapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Nakumbuka alituaga pale getini mwa hospitali kabla ya saa kumi na mbili, akawahi daladala ya mwisho ya Old Moshi, kapu begani, kibakuli chake cha siagi ndani, ameshakiosha. Alikuwa mtu wa presha. Alikuwa amekaa na ile sufuria, akakaa na lile benchi, na kutoka barabarani mpaka nyumbani kwake ni kupanda tu. Mtori ulibaki mwingi. Sikumfungia hata kidogo aondoke nao.

Tulimzika 2017, na katika miaka yote ile sikumuuliza.