Uzamani hauko kwenye filta

Harusi ya bustanini yenye mtindo wa kizamani mara nyingi huharibikia kwenye kompyuta, sherehe ikiwa imeshapita. Picha nzuri inamwagiwa rangi ya kahawia, inaongezewa chengachenga na mikwaruzo ya bandia, na gauni la krimu linaonekana kama limefuliwa kwa chai. Kwa imani yangu, uzamani wa picha unatokana na namna mwanga unavyokaa juu ya kitambaa. Usipoupata pale pale bustanini, hutaupata tena.

Lesi ya kizamani si nyeupe kama karatasi, ina umanjano kidogo. Kamera ikiachwa ijichagulie rangi, gauni lile lile litakuwa krimu hapa na la buluu hatua tatu mbele. Afadhali kufunga kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) mwenyewe: karibu 5,500 juani, 6,500 hadi 7,500 kivulini, na kupiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Halafu kuna nyasi. Jua likiwa kali, ukijani wa nyasi hupanda kwenye pindo la gauni na chini ya kidevu cha bi harusi. Ukijaribu kuuondoa baadaye, bustani yote nyuma yake inapauka. Wasogeze maharusi kwenye njia ya changarawe au sakafu ya mawe meupe. Ardhi ya namna hiyo hurudisha mwanga safi usoni.

Kivuli cha mti nacho kina mtego wake. Majani yakiwa machache, jua hupenya na kuacha vidoa kwenye paji la uso na mabega, na kwenye kioo kidogo cha kamera huvioni vizuri. Tafuta kivuli kizito, ama subiri saa ya mwisho kabla ya jua kuzama na uwaweke maharusi wakiligeuzia mgongo.

Hapo ndipo lesi inapojitokeza, na hapo hapo ndipo inapopotea. Kwa kamera ya dijitali, washa onyo la sehemu zilizoungua, yaani zilizopata mwanga mwingi hadi kubaki nyeupe tupu, na uangalie bega la gauni kabla ya kitu kingine. Nyuzi zikishaungua hazirudi, ilhali uso wenye giza kidogo unaweza kuinuliwa. Filamu ya negativu ya rangi ni kinyume chake: huvumilia mwanga mwingi na huumia kwenye giza, ndiyo maana wapigapicha wengi huipima Kodak Portra 400 kama ISO 200, yaani huipa mwanga mara mbili. Zile rangi laini, nyepesi, ambazo watu huziiga kwa filta, kwa sehemu kubwa zinatokana na mwanga huo wa ziada.

Shela ikishushwa usoni, fokasi ya kamera hupenda kung'ang'ania nyuzi badala ya kope. Lenzi ya milimita 85 kwenye f/2 (tundu la lenzi likiwa wazi sana), mita mbili kutoka kwa bi harusi, inakupa eneo kali lisilozidi sentimita saba hivi, kwa hiyo kosa dogo tu linaonekana. Panda hadi f/4, tundu dogo zaidi, maharusi wakiwa wawili, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde kama upepo unaipeperusha shela.

Lenzi kuukuu za M42 (za kufungwa kwa skrubu), kwa pete ya kuunganishia, zinapendeza sana jua likizigonga kwa mbele, kwa kuwa hulainisha utofauti wa mwanga na giza. Lakini fokasi yake ni ya mkono. Zitumie kwenye picha za kupanga. Wakati wa kuvishana pete, ziache begini.

Kagua pia mandhari ya nyuma: gari, waya wa spika, chupa ya plastiki mezani. Kimoja tu kinatosha kuvunja enzi nzima, na mara nyingi kupiga goti kunatosha kukificha nyuma ya maua.

Jua likishazama na taa za kuning'inia zikiwashwa, zina kelvini kama 2,700 huku anga likiwa la buluu. Weka kamera kwenye 3,500 ili taa zibaki na joto lake. Ukihitaji flashi, ifunike kwa jeli (karatasi nyembamba ya plastiki) ya rangi ya chungwa na uipunguze nguvu. Bila jeli hiyo nyuso zitakuwa za buluu kati ya taa za njano, na ukirekebisha kimoja, kingine kinaharibika.