Chemba imevuja tena
Jamani leo niko maabara tangu asubuhi nasubiri chemba (lile tangi la chuma tunalolifyonza hewa) ishuke presha, tumeizungushia foili na mikanda ya joto utadhani tunachoma samaki, sasa katika kusubiri nikajikuta nasoma historia ya AVS, ile jumuiya ya Marekani ya mambo ya vakyumu, yaani ombwe. Kumbe ilianza 1953 kule New York na watu wa mapampu tu! Sie wa sayansi ya nyuso, tunaochunguza tabaka la juu kabisa la vitu, tukapata kitengo chetu baadaye, na ndoa yetu na watu wa vakyumu ilikuwa lazima, maana hata hewa ukiifyonza ibaki sehemu moja kwa bilioni bado gesi inafunika chuma kisafi ndani ya sekunde chache. Geji ya presha imegoma kushuka. Gasketi ya shaba, ile pete ya kuziba maungio, nilikaza mwenyewe jana, tena kwa mbwembwe 😩