Kipande cha makaa ya mawe

Juzi mwanangu kaja sebuleni vidole vyeusi. "Baba, jiwe hili la Babu la nini?"

Si jiwe, ni makaa ya mawe. Mzee aliyaokota Leeds, Uingereza, kwenye Reli ya Middleton, ile mara moja tu alipokuja kututembelea.

Mtu aliyechochea moto kwenye treni za mvuke Tabora, nimpeleke wapi kwingine? Nikakata tiketi. "Tunashuka wapi?" Nikamwambia hatushuki, inakwenda kama maili moja, kisha inarudi. Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa.

Behewani nikaanza kumsomea kijitabu. Bunge liliidhinisha reli ile 1758, Brandling apeleke makaa ya machimbo yake mjini kwa farasi. Mzee anatazama dirishani. Vita vya Napoleon vikapandisha bei ya chakula cha farasi, na mwaka 1812 msimamizi wa machimbo, Blenkinsop, akaleta Salamanca, kichwa cha mvuke alichokiunda Matthew Murray. Reli za enzi hizo zilivunjika zikielemewa, kwa hiyo kikafanywa chepesi, na ili kisiteleze kikapewa gurudumu la meno, linang'ata meno yaliyo ubavuni mwa reli.

"Meno?" Hapo akageuka. Akapachanisha vidole vyake vinene, akavizungusha polepole. "Hivi?"

"Hivyo hivyo. Na tangu 1960 inaendeshwa na watu wa kujitolea."

"Bila mshahara?"

"Bila mshahara."

"Mwaka huo sisi tuligoma," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Tuliporudi kituoni akaenda kusimama kando ya kichwa, kofia mkononi. Kijana aliyekuwa juu, uso umejaa masizi, akamwona anavyotazama mlango wa tanuru. Akanyoosha koleo, akamwashiria: panda. Mzee akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, mkono ukashika chuma. Mimi nikadakia kwa Kiingereza: asante, miguu yake haina nguvu, tena tunachelewa.

Tulikuwa tunachelewa wapi? Mpaka leo sikumbuki.

Mzee alishusha mguu. Hakuniuliza nimemwambia nini yule kijana. Akainama, akaokota kipande kando ya reli, akakifunga kwenye leso. "Zetu zilikuwa za mafuta," akasema. "Koleo sikuwahi kulishika."

Mtoto bado anasubiri jibu. Nimemwambia akanawe mikono kwanza.