Nilivyoanza Kupona Kiwewe Kabla ya Kupata Hifadhi

Wenzangu wengi waliokuwa wakisubiri uamuzi wa maombi yao ya hifadhi waliniambia kwamba akili ya mkimbizi haitulii mpaka karatasi zitoke. Kwangu haikuwa hivyo, na naandika nikiwafikiria wale ambao bado wanasubiri.

Usingizi ulikuwa umenitoka kabisa, na mlango ukibamizwa mahali popote mwili wangu wote ulirudi kule nilikokimbia. Kilichonichoma zaidi ni mahojiano, kwa kuwa afisa alitaka tarehe na mfuatano wa matukio ilhali kumbukumbu zangu zilikuja vipande vipande. Kumbukumbu kuvurugika namna hiyo ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye kiwewe wala si ushahidi wa uongo, na natamani kila anayewahoji waomba hifadhi alizingatie hilo.

Nilielekezwa kwa mshauri nasaha ambaye hakuwa daktari, bali mkimbizi mwenzangu aliyepewa mafunzo. Alipoona nasita, alinieleza kwamba tiba ya masimulizi aliyoitumia iliwahi kujaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, miongoni mwa Wanyarwanda na Wasomali, na kwamba matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa hata washauri wasio wataalamu wa tiba, wakifunzwa vyema, huweza kupunguza dalili za kiwewe.

Tulianza kwa kamba aliyoitandaza sakafuni, ncha moja ikiwa siku niliyozaliwa na ncha nyingine ikiachwa imekunjwa kwa ajili ya maisha yajayo. Juu yake niliweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila ovu, tukiyataja tu bila kuyachimba. Sikutarajia kwamba maua yangekuwa mengi kiasi kile.

Vikao vilivyofuata tulisimulia maisha yangu tangu utotoni, na tulipolifikia jiwe kubwa tulikwenda polepole mno: niliona nini, nilisikia nini, mwili ulihisi nini. Kila nilipoanza kutetemeka aliniuliza, "Na sasa hivi, dada, hapa kwenye kiti unahisi nini?" Swali hilo ndilo lililoutenganisha wakati ule na huu. Aliyaandika yote, akanisomea kikao kilichofuata, nami nikasahihisha pale palipohitajika. Hofu haikuisha siku moja, lakini tukio lile lilipata mahali pake kati ya yaliyolitangulia na yaliyolifuata, likaacha kunivamia kila saa.

Mwishoni alinikabidhi masimulizi yote kwa maandishi, nami kwa hiari yangu nikampa wakili wangu nakala. Usingizi ulirejea kabla ya uamuzi kutoka. Jinamizi bado hunijia mara mojamoja. Hapo hukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kuvitaja kwa sauti vitu ninavyoviona chumbani hadi nijue nilipo, na tarehe ya tukio lile inapokaribia humwarifu mshauri wangu mapema.