Nilidhani Betri Zimeisha

Redio ililetwa imeviringishwa khanga kama mgonjwa, imefungwa kwenye keria ya baiskeli. Mzee aliyeileta alikuwa ametoka nayo upande wa Kikwetu tangu alfajiri. Aliituliza mezani kwetu, akajifuta jasho, akavuta pumzi, ndipo akaitikia shikamoo yangu.

Ilikuwa Oktoba 1992, Lindi mjini. Nilikuwa na miaka 17, nikijifunza ufundi redio kwenye kibanda kilichokuwa karibu sana na bahari. Ukisimama mlangoni unaiona Kitunda ng'ambo ya ghuba. Sijui kama nilishawahi kuishukuru ile chumvi ya baharini, lakini ndiyo iliyotulisha: ilikuwa inakula waya za watu bila huruma, na sisi tukawa tunakula kwa kazi yake.

Mzee alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kutoka pande za Mueda, Msumbiji. Alivuka mto akiwa kijana, akaja kukata mkonge kwenye mashamba ya Lindi, enzi ambazo vibarua wa aina yake waliitwa manamba. Baadaye bei ya mkonge ikaanguka, nyasi zikameza mashamba, wenzake wakatawanyika. Yeye akabaki na shamba dogo la mihogo na mikorosho michache. Redio-kaseti ile aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anauza vyombo vyake arudi kwao. Ilisikika vizuri mwezi mzima, kisha ikaanza kukoroma.

Alikuwa na haraka nayo. Tarehe 4 ya mwezi uleule, serikali ya kwao ya Frelimo na waasi wa Renamo walikuwa wametia saini mkataba wa amani kule Roma, na habari zilimfikia vipandevipande, kwenye baraza za watu.

"Nataka nisikie kwa masikio yangu," alimwambia fundi. "Vita ya kwetu imeshakwisha mara nyingi sana midomoni mwa watu."

Fundi akafungua. Hakukuwa na jambo kubwa, waya wa spika ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki kushikwa na uzi mmoja. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo pasi ya kuchomea risasi tuliichomeka kwenye makaa ya Mama Mihogo, jirani yetu aliyekaanga mihogo na samaki ukutani kwetu. Tulikuwa na mkataba naye usio na karatasi: yeye anatupa moto, sisi tunampa redio. Siku ambayo hatukuwa na redio ya kujaribia, alitulaumu kana kwamba tumemnyima chenji.

Fundi wangu alikuwa na sharti moja ambalo nalishika mpaka leo. Redio haitoki mezani mpaka kila kitufe kimejaribiwa, hata kile ambacho mteja hakukilalamikia. Ndani ya sehemu ya kaseti tulikuta mkanda wa yule Mzungu. Karatasi yake ilikuwa imefutika, imebaki michoro ya penseli tu. Mzee akasema hajawahi kuucheza, yeye alinunua redio kwa ajili ya taarifa ya habari. Fundi akabonyeza.

Zilianza sauti za mapembe, nzito, chache, zikibadilika polepole kama watu wanaopandisha jeneza ngazini na kila mmoja anaogopa kukosea hatua. Kisha kimya kidogo. Kisha ala moja ikaanza kuimba peke yake juu ya nyuzi zilizokuwa zinalia chini kabisa, na ilivyokuwa inakwenda polepole, nikajua mara moja ugonjwa.

"Betri zimeisha," nikasema.

Aliyewahi kumiliki kaseti anaelewa. Betri zikichoka, mwanamke anaimba kwa sauti ya mwanamume, na bendi nzima inakwenda kama imelewa. Nyumbani tulikuwa tukizianika juani zipate nguvu ya nyimbo mbili zaidi. Nikachukua mpya za dukani, nikabadilisha, nikabonyeza tena. Wimbo ukaendelea palepale, kwa mwendo uleule. Fundi akafunua kifuniko, akautazama ule mpira unaozungusha magurudumu, akaugusa kwa kucha.

"Unazunguka sawasawa. Ndivyo ulivyo."

Mama Mihogo akaacha kupepea makaa. "Kwani kafa nani?"

"Hajafa mtu. Muziki wa Wazungu huo."

"Basi kwao kafa mtu," akasema, na pepeo likabaki mapajani.

Nilitaka kucheka, nikamtazama mzee ili tucheke wote, nikakuta ameinamisha kichwa kuelekea kwenye spika kama anayemsikiliza mtoto asiyejua kusema. "Hiyo zumari," alisema. Fundi akaguna, kwamba Wazungu na zumari wapi na wapi. Ilinichukua miaka kujua kwamba mzee alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi mafundi. Ala ile inaitwa korangle, na inalia kwa vipande viwili vya tete vinavyobanana na kutetema mdomoni mwa mpigaji. Zumari nayo inalia kwa ndimi zinazotetema vivyo hivyo. Sikio lililokulia kwenye ngoma lilitambua ukoo.

Wimbo wenyewe ulikuwa rahisi, na hilo ndilo lililonishangaza. Nilitegemea muziki wa Wazungu uwe na mambo mengi. Huu mtoto wa shule angeweza kuuimba baada ya kuusikia mara mbili. Katikati ukaingia kwenye giza, besi zikawa zinadonolewa mojamoja kama nyayo za mtu anayetembea usiku bila kurunzi. Kisha pakachangamka ghafla, vikalia vitu kama ndege wa asubuhi, mapembe yakapasuka yote kwa pamoja, na kabla hujajua la kufanya na ile furaha, ikazima, zumari ikarudi na wimbo wake uleule wa mwanzo. Ulikuwa uleule, ila sasa ulikuwa mzito zaidi, na mpaka leo siwezi kueleza kilichoongezeka.

Hapo ndipo nikasikia harufu. Samaki wa Mama Mihogo alikuwa anaungua. Mwanamke yule alikuwa anaweza kugombana na watu wawili, kuhesabu hela na kumgeuza samaki kwa wakati mmoja, na miaka miwili niliyokaa naye ukutani sikumwona akiunguza kitu. Alikuwa anautazama tu moshi.

Zikabaki nyuzi chache zikiimba ule wimbo kwa sauti ndogo, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Zikaimba kidogo, zikakatika. Kimya kabisa.

"Imekula mkanda!" Nikarusha mkono kwenye kitufe. Redio ikila mkanda hutakiwi kuchelewa, ukichelewa utautoa kama utumbo wa kuku na kuurudisha kwa kalamu jioni nzima.

Mzee akanishika kifundo cha mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, cha mtu aliyeshika panga la mkonge ujana wake wote.

"Mwache. Anameza mate. Ataendelea."

Na kweli ukaendelea. Maneno mawili matatu ya wimbo, ukakatika tena. Hakuna aliyesogea. Ukaendelea tena, ukafika mwisho, na mwisho wenyewe ukawa mlio mmoja wa besi peke yake, chini kabisa, ambao spika ile ndogo iliutoa kwa taabu. Kisha ikaja sehemu nyingine ya mkanda, yenye kelele na mbio, na fundi akaizima haraka, kama unavyomfungia mlango mgeni aliyekuja na vigelegele kwenye matanga.

"Nirudishe, mzee?" fundi akauliza.

"Hapana. Utoe."

Fundi akautoa, akaufuta kwa shati, akamkabidhi. Mzee hakuupokea.

"Redio nachukua. Hicho kaeni nacho nyinyi. Mimi nalala peke yangu."

Hakusema neno zaidi. Hakutaja Mueda, hakumtaja mama wala mto. Nimeshasoma maandishi mengi ya watu wanaosimulia muziki ulivyowatoa machozi, na sina ubishi nao. Lakini mzee yule hakutoa chozi. Aliuogopa wimbo kama mtu mzima anavyokiogopa kitu ambacho nguvu zake anazijua, akakataa kulala nacho nyumba moja. Nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote ambazo nimewahi kuona muziki ukipewa, pamoja na ile ya samaki.

Alikaa barazani hadi saa ya taarifa ya habari. Akasikia habari za Roma kwa masikio yake, akatikisa kichwa mara moja, akaiviringisha redio kwenye khanga, akapanda baiskeli.

Mkanda nilibaki nao mimi. Niliucheza usiku nikiwa peke yangu, mara nyingi kuliko nilivyomwambia mtu yeyote, na kila ulipofika pale pa kukatika nilijiambia kwamba ni ubovu: hapa Mzungu aliuvuta, pale uliunganishwa vibaya. Mwishowe redio nyingine iliula kwelikweli, ukaisha. Nikabaki na wimbo kichwani usio na jina.

Jina nilipewa na mwalimu wa kwaya wa parokia moja, miaka mingi baadaye, nilipompigia mluzi mistari miwili ya mwanzo. Hakufikiri hata kidogo. Ni sehemu ya pili ya Simfonia namba 9 ya Antonín Dvořák, muziki mrefu wa kupigwa na okestra, ile inayoitwa ya Dunia Mpya. Sehemu hiyo inaitwa Largo, maana yake ni kwamba upigwe polepole na kwa mapana. Kwa hiyo ule upole ulikuwa umeandikwa tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimeutibu kwa betri.

Dvořák alikuwa mtu wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Alihamia New York Septemba 1892 kuongoza chuo cha muziki, akaenda na mkewe na watoto wawili. Wanne waliachwa nyumbani. Simfonia aliiandika kati ya Januari na Mei 1893, watoto wale wakiwa bado ng'ambo ya bahari, na ikapigwa kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, hukohuko New York, Desemba ya mwaka huohuo. Yeye mwenyewe aliwaambia watu wa magazeti kwamba Largo ilihusiana na utenzi mmoja kuhusu Wahindi Wekundu wa Marekani. Sitamsahihisha mtunzi juu ya kazi yake. Ila nawahesabu wale watoto wanne. Na mwaka 1922 mwanafunzi wake mmoja, William Arms Fisher, aliutia wimbo ule maneno, na katika maneno yote ya duniani akachagua ya mtu anayerudi kwao. Wengi sasa wanadhani ni wimbo wa kale wa Wamarekani weusi. Sivyo, wimbo ulitangulia, maneno yakafuata miaka karibu thelathini baadaye.

Nilipoupata kwenye simu, umerekodiwa vizuri, nilikaa nikisubiri pale pa mwisho. Nyuzi zikabaki chache. Zikaimba kidogo, zikakatika.

Palepale. Kisha tena, palepale. Dvořák ndiye aliyeandika ule ukimya, akawaamuru wapigaji kumi tu wa nyuzi wauimbe ule wimbo na kuukatiza, kama mtu ambaye sauti imemkwama. Mkanda haukuwa na kosa lolote. Miaka yote ile mimi fundi nilikuwa nikiona ubovu pale ambapo mkata mkonge alimsikia mtu anameza mate.

Mzee aliendelea kuja kibandani, kila baada ya wiki mbili tatu, kununua betri. Hakuuliza mkanda uko wapi. Ila kila mara, akishahesabu hela na kugeuza baiskeli, alinitupia swali moja, na lilishakuwa utani wetu:

"Yule mtu wako, kamaliza?"

"Bado, mzee."

"Mwache."

Kiangazi cha 1993, njia zilipokauka, nilimkuta asubuhi moja stendi anasubiri basi la Mtwara, ili ateremke hadi Ruvuma akatafute mtumbwi wa kuvukia. Redio ilikuwa mapajani ndani ya khanga ileile. Nilimpa betri nne, akataka kulipa, nikakataa, tukavutana kidogo pale mlangoni mwa basi hadi kondakta akakasirika. Akapanda. Akakaa dirishani, na gari lilipowashwa akatoa kichwa. Nilijua anachotaka kuuliza, nikamwahi.

"Bado, mzee!"

Akacheka mpaka nikaona jino lake moja la mbele lililobaki, na basi likaondoka.